Yusuf bin Hasan Alijijua Nusu

Anayetaka kuona jinsi tanzia ya Kigiriki inavyofumwa hana haja ya kwenda Athens. Na aufuate ukoo wa masultani wa Malindi, kuanzia Aprili 1498 hadi 1638. Viungo vyote vimo: baba aliyeuawa, mtoto aliyelelewa ugenini, kiti cha enzi kilichorudishwa na walewale waliokipindua, na mwezi mmoja wa Agosti ambapo kila kitu kiligeuka. Yusuf bin Hasan, wa mwisho wa ukoo huo kutawala Mombasa, husimuliwa kwa namna mbili. Wareno walimwandika kuwa msaliti na mwuaji wa waumini. Wengi wetu leo tunamwona shujaa aliyezinduka, akakumbuka kuwa yeye ni Mwislamu na mwana wa Hasan. Simulizi hizi zinagombana kwa mengi, lakini zinakubaliana kwamba mwaka 1631 Yusuf alijitambua. Mimi nadhani alijitambua nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomwangusha.

Tuanzie pale mtego ulipotegwa. Vasco da Gama alipofika Malindi akitoka Mombasa, ambako hakupata mapokezi mema, sultani wa Malindi alimkirimu na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Si rahisi kumlaumu. Malindi ilikuwa na jirani mkubwa aliyeionea kijicho, na huyu mgeni alikuwa na mizinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji alipona. Mombasa ilivamiwa na kuchomwa moto mwaka 1505, ikapigwa tena 1528, huku Malindi ikibaki salama. Mwishoni mwa karne hiyo, baada ya wavamizi Wazimba kupita na kuacha maafa, Wasegeju waliokuwa washirika wa Malindi waliitwaa Mombasa, na sultani wa Malindi akahamia huko. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Kwa hesabu za siasa, huo ni ushindi mtupu: hasimu kaanguka na kiti chake kimekaliwa.

Aristotle alisema mtu wa tanzia haanguki kwa uovu, huanguka kwa kosa, na kosa lenyewe mara nyingi huonekana kama busara siku linapofanywa. Hapa kosa lilikuwa kutojiuliza kiti kile kimesimama juu ya nini. Kilisimama juu ya silaha za Wasegeju na mizinga ya Wareno. Watu wa Mombasa hawakuwahi kuuomba ukoo wa Malindi uje kuwatawala. Malindi yenyewe iliachwa nyuma ikafifia. Katika karne ya 19, kabla haijafufuliwa na Wabusaidi wa Zanzibar, ilikuwa imebaki magofu.

Bili ya karamu ile ilimfikia Hasan, baba yake Yusuf. Aligombana na makapteni wa ngome, na mwaka 1614 akakimbilia Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Huko aliuawa na wenyeji waliohongwa na Wareno. Mwanawe mdogo alipelekwa Goa, akasomeshwa na mapadri Waagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaoa mke Mkristo, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya taji la Ureno. Anayemjua Oedipus wa Sophocles atashtuka kidogo. Oedipus naye alilelewa mji mwingine, akarudi kutawala mji aliozaliwa, na damu ya baba ikawa ndiyo siri ya utawala wake. Lakini tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Oedipus hakujua kwamba mzee aliyemuua njiani ni baba yake. Yusuf alijua nani alimuua Hasan, na mshahara wake ulitoka kwenye mikono hiyohiyo.

Ndipo yanapokuja mambo ya 1631. Ushahidi wa kiapo uliochukuliwa Goa baada ya maasi unasimulia kwamba Yusuf alionekana akiomba dua Kiislamu kwenye kaburi la baba yake. Habari ikamfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Yusuf naye akapata fununu kwamba atapelekwa Goa kushtakiwa. Katikati ya Agosti aliingia Fort Jesus na watu wake kama anayekuja kuamkia, akamuua kapteni, na kwa siku zilizofuata Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa, Wareno na Waafrika pamoja. Aristotle aliusifu utambuzi unaofika papo hapo na mgeuko wa mambo, akatoa mfano wa Oedipus. Kwa kipimo hicho Agosti ya Mombasa ni kazi ya fundi: mtu anarudi kwenye jina lake, na saa ileile Wareno wanaipoteza ngome.

Lakini Yusuf alitambua nini hasa? Alitambua kwamba yeye si Dom Jerónimo. Hilo ni jambo zito na ushujaa wake haukanushiki. Kwamba yeye ni sultani wa nani, hakujiuliza. Kiti cha Mombasa kilikuwa zawadi ya mkono aliokuwa akiukata. Oedipus anapoambiwa ukweli anabeba pande zote mbili: ndiye hakimu aliyetangaza adhabu, ndiye pia mkosaji wa kuadhibiwa, na anaitekeleza hukumu juu yake mwenyewe. Yusuf aliutupa upande mmoja, akadhani uliobaki utatosha kumsimamisha.

Ushahidi wangu ni mwaka uliofuata. Mapema 1632 jeshi la majini kutoka Goa liliizingira Mombasa na kushindwa. Yusuf alishinda. Kisha mwezi Mei, ngome ikiwa mkononi mwake, akapanda merikebu na kuondoka, nao Wareno wakarudi wakaikuta ngome tupu. Mtawala mwenye watu na nchi haondoki baada ya ushindi.

Nitajibiwa kwamba hiyo ilikuwa akili ya vita tu: jeshi la pili lingekuja, na heri kupigana ukiwa baharini kuliko kufungiwa ndani ya kuta. Hoja hii ina nguvu. Tena maandishi yaliyochongwa kwenye mlango wa Fort Jesus, ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliyeshika ngome mwaka 1635, yanajisifu kwamba aliwarudisha katika utii watu wa pwani walioasi. Kumbe pwani iliasi. Nakubali, ila pwani kuwaasi Wareno ni jambo moja, na kuutaka ukoo wa Malindi ni jambo jingine. Lau Yusuf angekuwa ndiye nguzo ya maasi, yangezimika alipoondoka. Hayakuzimika, maana miaka mitatu baadaye Cabreira bado alikuwa na kazi ya kuwapiga watu wa miji ya Pate na Siyu.

Pingamizi la pili ni la huruma: mtoto aliyechukuliwa yatima na kupewa jina jingine, amechagua nini hata ahukumiwe? Socrates angeliunga mkono, kwani alishika kwamba hakuna akosaye kwa kutaka. Aristotle aligawa vizuri zaidi. Kutojua jambo mahususi, kama Oedipus asiyejua yule mzee ni nani, kunasameheka. Kutojua lipi jema la kulitaka hakusameheki. Goa haikuwa chaguo la Yusuf, wala ubatizo. Mei 1632 ilikuwa chaguo lake, pengine la kwanza katika maisha yake alilolifanya bila Mreno kumsimamia. Alichagua uharamia, akafa 1638 pande za Bahari ya Shamu. Hakuna mtu wa ukoo wa Malindi aliyeketi tena Mombasa.

Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia atakayeichukua habari hii, nami natamani mmoja wa Kilifi aichukue, asifunge pazia kwenye damu ya Agosti. Tendo la mwisho alipeleke Mei, ngome imetekwa, adui amerudi nyuma, na sultani anaamuru nanga ing'olewe.