Mstari Mmoja Kwenye Kona C

Hoja ya 32 katika kitabu cha kwanza cha Stoicheia, kazi ambayo Euclid aliiandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, inathibitisha jambo tunalolijua tangu shuleni: pembe tatu za ndani za pembetatu, zikijumlishwa, ni sawa na pembe mraba mbili. Nyuzi 180 hazitajwi popote. Uzuri wake uko katika mpangilio.

Katika pembetatu ABC, Euclid anaurefusha upande BC hadi D, kisha kutoka C anapitisha mstari CE, sambamba na AB. Basi. Mstari huo unaigawa pembe ya nje ACD vipande viwili. ACE ni sawa na pembe ya A, kwa kuwa ni pembe mbadala. ECD ni sawa na pembe ya B, kwa kuwa AB na CE zimeiegemea BD kwa mwinamo uleule. Pembe zilizokuwa mbalimbali sasa zimekaa bega kwa bega pale C, karibu na pembe mwenyeji wa kona hiyo, zote tatu juu ya mstari mnyoofu BD, yaani pembe mraba mbili, na hakuna kilichokatwa wala kusogezwa.

Hata kitenzi chake kina kazi. Kwa Kigiriki hasemi “chora”. Anasema mstari uwe umekwisha kuchorwa. Kiswahili kinaibeba hali hiyo bila taabu. Mkono wa mchoraji hauonekani: mstari tumeukuta, kilichobaki ni kutazama.

Proclus, mfafanuzi wa kale wa Euclid, akimtegemea mwanahistoria wa hisabati Eudemus, anasimulia njia nyingine, ya wafuasi wa Pythagoras: mstari sambamba na BC unapita kwenye kilele A, na pembe zilizo sawa na B na C zinakaa huku na huku, A ikiwa katikati. Kwa macho, naipenda zaidi hii. Imetulia kama mizani. Ila inafika kwenye jumla ya pembe tatu moja kwa moja, na pembe ya nje haipati nafasi. Kwa Euclid pembe ya nje ndiyo inayotangulia.

Faida yake utaiona ukipewa A nyuzi 50, B nyuzi 60, utafute ACD. Wengi tulizoea kuzunguka: 50 na 60 ni 110, 180 toa 110 ni 70, kisha 180 toa 70 ni 110. Ile 110 tulikuwa nayo mkononi tangu mwanzo, tukaiweka chini, tukaenda kuitafuta. Aliyeuona mstari CE anazisoma 50 na 60 ndani ya pembe yenyewe.