Aliyetega kitendawili atoe jibu

Wandugu, kuna gazeti moja huko Marekani ambalo kila Januari linaficha medali ndogo mahali fulani mjini, kisha linawaambia wasomaji: tafuteni. Mji ni Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota. Gazeti ni Pioneer Press. Msako huu ulianza mwaka 1952, ndani ya sherehe za mji za majira ya baridi, na siku hizi zawadi inaweza kufika dola 10,000. Mimi niliingia humo kupitia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi kule. Usiku mmoja alinitumia kidokezo kwa WhatsApp na maneno haya: "Mdogo wangu, si ulisoma agronomia? Basi nisomee bustani za huku."

Nilimsomea. Tukashindwa vibaya sana. Lakini tangu siku ile sijaacha kuufikiria mchezo huo, na leo ninataka kuupima kama vile tunapima kitabu ao filamu.

Vidokezo viko 12, kimoja kwa siku, vyote kwa vina. Vya kwanza ni ukungu mtupu: unaweza kuvisoma mara ishirini na kila bustani ya mji ikakubali. Vya katikati vinaanza kuchagua. Cha mwisho kinakuelekeza karibu hatua kwa hatua, na hapo anayeshinda ni mwenye miguu ya haraka. Kwa hiyo siku za mwanzo ni za mwenye kujua historia ya mji, majina ya zamani ya barabara, nani alijenga daraja gani. Njo maana ninasema kazi yenyewe iko kwenye mpangilio. Mashairi, tuseme ukweli, si makubwa. Vina vingine vinavutwa kwa nguvu kama mbuzi anayekataa kwenda soko. Ila mtungaji anajua kila siku aongeze mwangaza kiasi gani, na hicho ni kipaji ambacho walimu wengi hawana.

Hali ya hewa nayo inacheza. Baridi ya Januari kule inaweza kushuka chini ya digrii 20 za sifuri, na udongo unakuwa kama simenti. Watu wanakuja na masepeto na marato, wanachambua theluji usiku na taa kichwani. Sherehe zenyewe zilizaliwa hivyo, kwa ubishi: mwandishi mmoja wa New York alikuwa amefananisha mji huo na Siberia, pasipofaa mtu kuishi, na mwaka 1886 wenyeji wakamjibu kwa sherehe na jumba la barafu.

Mtu wa udongo kama mimi anauliza kwanza: na bustani inabaki namna gani? Huko London, mwaka 1904, gazeti la Weekly Dispatch lilificha medali za namna hii, na umati ukachimba barabara na viwanja vya watu mpaka ikawa fujo. Saint Paul wana bahati ya baridi. Udongo ulioganda haukandamizwi sana na miguu. Lakini theluji ni blanketi ya majani, na ukiiondoa kwa rato eneo zima, mizizi inabaki uchi mbele ya baridi. Kaka aliponitumia picha ya sehemu moja iliyochambuliwa, nilimwambia: hapa majani yatachelewa. Akacheka. Yeye alikuwa anatafuta dola, si majani.

Kitu kimoja kinanikera. Medali inafichwa kwenye ardhi ya umma, ndani ya wilaya ya Ramsey, na yeyote anaweza kuitafuta. Lakini ili upate zawadi nzima, lazima uwe na vidokezo vilivyotoka gazetini na kibeji cha sherehe ulichonunua na kukiandikisha. Asiyekuwa navyo anapata kidogo. Ninaelewa, gazeti linataka kuuzwa, juu karatasi na waandishi vinalipwa. Ila mtoto maskini aliyefumbua fumbo kwa akili yake mwenyewe anakatwa pesa sababu hakununua kibeji. Hiyo akili yake ilipunguka wapi?

Hata hivyo ninawasamehe, na sababu ni moja. Medali ikisha kupatikana, gazeti linachapa maelezo ya vidokezo: mstari huu ulimaanisha hiki, neno hili lilikuwa mtego, hapa tulikuwa tunasema barabara ile. Mtungaji anajianika mbele ya mji wote. Kama kidokezo kilikuwa cha uongo ao cha uvivu, watu wataona na watamsema mwaka mzima. Ni sheria ya kitendawili chetu: nikishindwa, unaniomba mji, ninakupa, lakini ukiisha kupokea mji unalazimika kutoa jibu. Hauwezi kula mji na kunyamaza.

Sasa nyinyi mnaosoma hapa, mnajua ninaelekea wapi. Miaka miwili iliyopita nilifanya mtihani wa kazi kwa shirika moja. Tulikuwa wengi, tulilipa usafiri, tulilipa nakala za diploma zenye muhuri. Swali la tatu lilihusu mbolea kwa mihogo, na mpaka leo ninaamini majibu mawili yalikuwa sawa. Hakuna aliyetupa masahihisho. Hakuna aliyetupa hata orodha ya pointi. Tulisikia tu kwamba nafasi imejaa. Nilikasirika kwa kukosa kazi, ndiyo, lakini kilichoniuma zaidi ni kutojua kama nilikosea. Kushindwa na fumbo ninaweza. Kaka na mimi tulishindwa na Saint Paul: tulikuwa tumeng'ang'ania bustani ya Como, na medali ilikuwa upande mwingine kabisa. Tulisoma maelezo mstari kwa mstari, tukaona penye tulijidanganya, tukacheka wenyewe kwa simu mpaka vocha ikaisha.

Kaka amekwisha kuniambia kwamba mwaka ujao atanunua kibeji mapema. Mimi nimeanza na ramani. Kila jioni bustani moja: miinuko yake, maji yake, miti yake, na jina ililokuwa nalo zamani.