Santuri za Mwanzo za Siti binti Saad na Suala la Mtungaji

Nyimbo za Siti binti Saad zimehakikiwa kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Wahakiki wengi wamezitoa katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho Shaaban Robert alikitunga baada ya kuzungumza na mwimbaji huyo mnamo 1950, muda mfupi kabla ya kufariki kwake, na ambacho kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Hakuna haja ya kukitoa kasoro kitabu hicho. Ni miongoni mwa wasifu bora tulio nao katika Kiswahili. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mwandishi wake alikuwa mshairi mwenye rai zake juu ya vina na mizani, na kwamba shabaha yake ilikuwa kumweka mwanamke huyu mbele ya wasomaji awe kielelezo. Santuri zenyewe zilitangulia kitabu kwa miaka 30, nazo zinasema jambo ambalo kurasa haziwezi kulisema.

Historia ya tarabu inajulikana vya kutosha. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliufungulia muziki wa Misri milango ya kasri yake. Klabu ya Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905. Na kwa muda wote huo lugha ya kuimbia ilikuwa Kiarabu. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, aliingia mjini akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, na huko nyimbo zao zikatiwa katika santuri chini ya jina la His Master's Voice.

Sasa na tutazame santuri yenyewe ilikuwa chombo cha namna gani. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, uliweza kubeba dakika 3 hivi na si zaidi sana. Wimbo wa tarabu aghalabu una beti za mishororo mitatu, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa katika vipande viwili vya mizani 8. Ukiusoma ubeti kama huo utaumaliza kwa pumzi chache. Lakini hausomwi. Udi na fidla hutangulia. Mshororo huimbwa, hurudiwa, silabi moja huvutwa na kupambwa mpaka maana yake inasubiri. Kisha vyombo hujibu. Kwa hesabu hiyo, beti zilizoweza kuingia katika upande mmoja ni chache mno, ilhali barazani wimbo huo huo ungeweza kuendelea kwa kadiri watu walivyotaka, beti zikiongezwa na nyingine zikiachwa. Kwa hiyo anayenakili maneno ya santuri na kuyaita shairi kamili, kisha akalaumu muwala wake au akasifu ufupi wake, anahakiki kazi ya mashine. Ufupi huo haukuwa uamuzi wa kisanaa. Au, ikiwa ulikuwa, ulikuwa uamuzi wa kuchagua beti zipi zisafiri kwenda Bombay na zipi zibaki nyumbani. Uchaguzi huo wenyewe unastahili kuhakikiwa, na bado haujahakikiwa.

Hapo ndipo suala la mtungaji linapozuka. Katika uhakiki wa hivi karibuni, hasa ule unaotetea nafasi ya mwanamke katika fasihi, Siti huchukuliwa kuwa mshairi kwa maana ile ile ambayo Muyaka bin Haji ni mshairi: mtu mmoja, tungo zake, diwani yake. Nia ni njema, lakini hoja haisimami vizuri. Muyaka mwenyewe alipata diwani kwa sababu Taylor na Mwalimu Sikujua walizikusanya tungo zake kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa, na hatimaye Hichens akazichapa mwaka 1940. Siti hakuwa na diwani. Alikuwa na wenzake. Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruku na Mwalimu Shaaban hawakuwa wapigaji wa vyombo tu, kwani nao waliimba na kutiwa katika santuri kwa majina yao wenyewe. Utafiti wa Laura Fair, uliochapishwa mwaka 2001, umeonyesha jinsi habari za mitaa ya Ng'ambo zilivyofika mbele ya kundi hili, zikajadiliwa na kugeuzwa nyimbo. Karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri ilimtaja mwimbaji. Mhakiki anayelihamisha jina hilo moja kwa moja kutoka nafasi ya mwimbaji hadi nafasi ya mtungaji amefanya jambo ambalo karatasi ile haikulisema.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi kuliko mshairi, nalo ni manju. Manju hutunga, huongoza, hupokea maneno ya wengine na kuyapa sauti yake. Hakuna anayemuuliza kila neno limetoka wapi. (Ni ajabu kidogo kwamba wataalamu wanaopigania istilahi za Kiswahili huliacha neno hili kwenye ngoma za shamba, kana kwamba tarabu ni kubwa mno kwalo.) Kumwita Siti manju si kumshusha. Uzito wake uko katika kuamua lipi liimbwe na katika kukubali kuliimba hadharani.

Wimbo wa Kijiti ni mfano mzuri. Unahusu mwanamke aliyetoka bara kuja kuzuru Unguja, akauawa. Aliyetuhumiwa akakimbilia bara, na mzigo wa sheria ukawaangukia wanawake waliojitokeza kutoa habari. Tarabu kwa desturi hufumba: hutaja ua, paka, au chombo baharini, na msikilizaji hujaza mwenyewe. Kijiti hakufumbwa, ametajwa. Unguja hilo halikuwa na siri yoyote, kwa kuwa kesi ilijulikana. Lakini santuri ilipopigwa mbali na Unguja, mbele ya watu wasiomjua mtu huyo, jina lilibadilika kazi. Halikuwa tena habari ya mtaa. Lilikuwa ushahidi uliovuka bahari kama alivyovuka yeye. Maana hiyo haimo katika maneno peke yake. Imeletwa na santuri, na hakuna aliyeitunga.

Mwanaisimu naye ana sababu ya kusikiliza. Mwaka ule ule wa 1928 ndipo mkutano wa Mombasa ulipopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Wakati lahaja hiyo ilikuwa ikitayarishiwa kamusi na vitabu vya shule, sauti yake ilikuwa tayari imo katika santuri, ikiimbwa na mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika. Ni kweli kwamba uimbaji hupotosha urefu wa irabu na mahali pa mkazo, na hivyo ushahidi huu utumiwe kwa hadhari. Lakini matamshi ya konsonanti za Kiarabu na uteuzi wa msamiati ni mambo yanayoweza kuchunguzwa kwa sikio, nayo yalitiwa humo kabla ya usanifishaji kukamilika.

Atakayehariri nyimbo hizi siku zijazo aonyeshe basi kila marudio mahali yalipo, ataje vyombo vinapoingia, aeleze upande wa santuri unakomea wapi, na atenganishe matini ya santuri na ile ya Shaaban Robert badala ya kuirekebisha moja kwa kutumia nyingine. Jina la Siti liandikwe mahali pa mwimbaji. Mahali pa mtungaji, pasipo na ushahidi, paachwe wazi.