Tawi la erika: likague kabla ya kuliamini

Kindu tuko bondeni, kando ya Lualaba, kwenye joto la michikichi. Erika, mmea wa milimani, haioti huku. Ya karibu iko Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo msitu wake wa chini unaingia Maniema, ila Mlima Kahuzi wenyewe, wa mita 3,308, uko Kivu Kusini. Kwa hiyo erika hutufikia ikiwa tawi kavu ndani ya gazeti.

Usikimbilie ua. Anza na jani. La erika ni jembamba mno, la milimita chache tu, na majani matatu au manne huzunguka kijiti kwenye pingili moja. Geuza jani moja chini ya lupe: kingo zimejikunja kuelekea ndani mpaka upande wa chini umebaki mfereji mwembamba. Usipouona mfereji huo, rudisha tawi kwa mwenyewe. Stobe, inayomea kwenye milima mirefu ya Kenya na Tanzania, huwapoteza wengi. Nayo ina majani membamba, lakini yana sufi ya kijivu, hayakai kwa duara, na ukoo wake ni wa alizeti. Haiperiki, yenye maua makubwa ya njano, sijui inamchanganyaje mtu.

Sasa ua, na hapa ndipo fundi hujulikana. Ni kikengele chenye ncha nne, kidogo kuliko punje ya mchele. Tazama sepali zake. Zikilingana, fikiria Erica arborea, ya maua meupe. Moja ikizizidi nyingine kwa ukubwa, na stigma ikiwa pana na bapa ya kunasa chavua ya upepo, umeshika kundi ambalo lebo za zamani huliita Philippia. Usimcheke aliyeandika hivyo. Wataalamu waliliingiza ndani ya Erica baadaye.

Tawi bora lina vitumba, maua na matunda kwa pamoja, na ncha changa zenye vinyweleo. Likikaushwa polepole kwenye unyevu wa Kindu hupukutisha majani; yaliyoanguka yatiwe kwenye bahasha, yasitupwe. Tawi halitakwambia kama limetoka kwenye kichaka cha kiunoni au mti wa mita kadhaa, hivyo kimo kiandikwe palepale mlimani, pamoja na tarehe na mwinuko. Lebo yenye neno “Kahuzi” peke yake mimi siipokei, hata tawi liwe zuri namna gani.