Kunguru Kichwani mwa Tonto: Maleba, Mashabiki na Mamlaka ya Kumvika Mwingine katika The Lone Ranger (2013)

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mapokezi ya maleba katika filamu ya The Lone Ranger (2013), iliyoongozwa na Gore Verbinski, ambayo iliunda upya hadithi ya kauboi iliyojulikana Marekani tangu 1933. Hoja inayojengwa ni kwamba malalamiko ya mashabiki kuhusu mavazi hayakuwa suala la ladha pekee, bali yalikuwa mabishano juu ya nani ana mamlaka ya kumvika mwingine mbele ya umma. Inaonyeshwa pia kwamba filamu yenyewe ilikuwa na jibu la maana kwa mabishano hayo, lakini ikaliweka pembezoni mwa hadithi.

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho, maleba aghalabu hujadiliwa mwishoni, baada ya dhamira, wahusika na lugha, kana kwamba ni pambo analovishwa mhusika ambaye tayari amekamilika. Mashabiki wa filamu huenda kinyume na utaratibu huo. Wao huanza na vazi. Kwao, kofia, barakoa na mkanda wa bastola ni ahadi kwamba mhusika waliyemjua atarudi akiwa yeye yule, na vazi likibadilika hudai maelezo.

Filamu za kauboi zinafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili, kwa sababu ulimwengu wake hutambulika kwa mavazi kabla ya mhusika kufungua kinywa. Nguvu ya mavazi hayo ilivuka bahari. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walijiita Bills kwa kufuata jina la Buffalo Bill, wakaiga mavazi na mikogo ya kauboi waliowaona sinema. Vijana wale walijichagulia vazi la mwingine na kulivaa wenyewe. Suala linalojadiliwa hapa ni la upande wa pili: mtu anapochaguliwa vazi na mwingine, kisha akaonyeshwa kwa ulimwengu akiwa amelivaa.

2. Barakoa na kumbukumbu

Lone Ranger alizaliwa redioni, mjini Detroit, mwaka 1933. Redio haina maleba. Kila msikilizaji alimvika shujaa huyo kwa fikra zake. Ni televisheni, kati ya 1949 na 1957, iliyoganda sura moja katika kumbukumbu ya umma: Clayton Moore mwenye kofia nyeupe, suti iliyombana na barakoa nyeusi machoni. Kando yake alisimama Jay Silverheels, Mmohawk kutoka Six Nations huko Ontario, Kanada, akiigiza Tonto katika vazi la ngozi lenye nyuzi zinazoning'inia na utepe kipajini.

Jinsi mashabiki walivyolithamini vazi hilo ilidhihirika mwaka 1979. Kampuni iliyomiliki haki za mhusika ilikuwa ikiandaa filamu mpya, ikapata amri ya mahakama ya kumzuia Moore asionekane hadharani amevaa barakoa. Mwigizaji huyo mkongwe aliendelea kukutana na watu akiwa amevaa miwani mikubwa ya jua mahali pa barakoa, na sehemu kubwa ya umma ikasimama upande wake. Filamu ya The Legend of the Lone Ranger ilipotoka mwaka 1981, ilianguka vibaya. Kisheria, barakoa ilikuwa mali ya kampuni. Katika nyoyo za watazamaji, ilikuwa ya yule aliyeivaa. Tofauti hiyo kati ya haki ya mwenye mali na haki ya mwenye kumbukumbu ndiyo iliyorejea miaka 30 baadaye, safari hii ikiwa na mdai wa tatu.

3. Picha ya kwanza na wadai watatu

Machi 2012, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya filamu ya Verbinski kuonyeshwa, watayarishaji walitoa picha ya wahusika wakuu wawili. Armie Hammer, aliyeigiza Ranger, alivaa suti nyeusi badala ya vazi jepesi la Moore. Johnny Depp, aliyeigiza Tonto, alipakwa rangi nyeupe usoni pamoja na michirizi myeusi inayoshuka wima, na kichwani alikuwa na kunguru mfu aliyetandaza mabawa. Mabishano yaliyozuka yalitokana na tuli hiyo ya picha moja, si na hadithi, kwa kuwa hadithi ilikuwa bado haijaonwa na mtu.

Kundi la kwanza la wadai ni walinzi wa kumbukumbu. Hawa walimlinganisha Hammer na Moore, na Depp na Silverheels, wakaona shujaa wao amepokonywa weupe wake na mwenzake amegeuzwa kioja. Dai lao lina uzito wa mapenzi, lakini lina ufa. Vazi la Tonto wanaloliita la asili lilishonwa kwa mahitaji ya televisheni. Halikuwa ushahidi wa mavazi ya taifa lolote mahususi. Kilicholipa hadhi ni mtu aliyelivaa. Silverheels, ambaye baadaye alianzisha warsha ya kuwafunza uigizaji Wenyeji wa Marekani, alikuwa mmoja wao.

Kundi la pili ni watazamaji na wasomi wa mataifa ya Wenyeji wa Marekani, akiwemo Adrienne Keene wa taifa la Cherokee. Hoja yao haikuwa kwamba Tonto amebadilika, bali kwamba hakubadilika vya kutosha. Depp alieleza kwamba sura hiyo aliitoa katika mchoro wa Kirby Sattler uitwao I Am Crow, ambamo kunguru anaruka nyuma ya kichwa cha shujaa. Yeye alimwona kana kwamba ametua juu ya kichwa. Sattler si Mwenyeji wa Marekani, na michoro yake ni tafsiri ya kisanaa isiyodai kuwakilisha taifa moja. Basi vazi la mhusika anayetajwa kuwa Mcomanche lilitokana na jicho la mwigizaji lililosoma vingine mchoro wa mtu wa nje. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Hapa kilichoazimwa kilikuwa chenyewe kimeazimwa.

Kundi la tatu ni watetezi. Baadhi walisema filamu ni ndoto, na ndoto haidaiwi uthibitisho. Wengine walitaja washauri wa Comanche waliohusishwa, na kwamba Mei 2012 LaDonna Harris, mwanaharakati mashuhuri wa taifa hilo, alimfanya Depp kuwa mwana wa familia yake kwa desturi. Kitendo hicho kilikuwa cha hiari na heshima, na kinakumbusha kwamba Wenyeji wa Marekani hawana kauli moja. Hata hivyo, utetezi huu unajipinga. Ikiwa vazi ni ndoto tupu, halihitaji baraka za Wacomanche. Na ikiwa linahitaji baraka zao, basi si ndoto tupu. Tena Depp alikaribishwa katika familia hiyo baada ya picha kusambaa. Baraka iliyokuja nyuma ya uamuzi inaweza kumfariji aliyeamua. Haiwezi kuitwa ushauri.

4. Jibu lililofichwa ndani ya filamu

Mhakiki anayeishia kwenye picha ya Machi 2012 ataidhulumu filamu. Verbinski aliifungulia hadithi katika maonyesho ya burudani ya San Francisco mwaka 1933, mwaka uleule Lone Ranger alipoanza kusikika redioni. Mtoto aliyevaa barakoa na kofia nyeupe anatembea kati ya vielelezo, anakutana na Tonto mzee aliyesimamishwa kama kielelezo cha mshenzi mwungwana katika makao yake ya asili. Yaani filamu ilimwingiza shabiki mwenye maleba ndani yake, ikamsimamisha mbele ya mtu aliyegeuzwa maleba.

Baadaye mtazamaji anaelezwa asili ya kunguru. Tonto alipokuwa mtoto, aliwaonyesha wazungu wawili mahali penye fedha ya madini, akapewa saa ya mfukoni, na kijiji chake kikaangamizwa. Ndege huyo mfu ni mabaki ya siku ile. Hivyo vazi lake halidai kuwa la kabila. Ni jeraha la mtu mmoja, na Wacomanche wenzake ndani ya hadithi wanamwona kuwa aliyeharibikiwa na akili. Mwishoni mzee huyo anavaa suti na kofia, anachukua sanduku lake, anaondoka kwenye kielelezo na kutembea polepole jangwani.

Huu ndio uamuzi bora wa maleba katika filamu nzima. Kasoro ni kwamba hauna nguvu ya kushindana na kilichoutangulia. Kwa sehemu kubwa ya dakika 149, kunguru anatumika kuchekesha: Tonto anamrushia punje za nafaka, na hadhira inacheka. Jeraha linaloelezwa baada ya kuchekwa kwa muda mrefu haligeuki msiba kwa urahisi. Isitoshe, kumtangaza Tonto kuwa mwendawazimu kunamwokoa mbunifu dhidi ya shitaka la kukosea, lakini kunamwachia mtazamaji Mwenyeji wa Marekani mhusika mkuu mmoja tu wa jamii yake, naye ni mwendawazimu anayeigizwa na mtu ambaye nasaba yake ya Kienyeji imebaki kutiliwa shaka. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya upambaji wa uso na nywele. Ufundi haukuwa na shida. Shida ilikuwa mamlaka.

5. Hitimisho

Filamu hiyo iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200 haikufanikiwa sokoni, na itakuwa kosa kulitwika vazi peke yake mzigo huo. Funzo lake liko kwingine. Mashabiki waliochukuliwa kuwa walalamishi walikuwa wameuliza, kwa lugha yao, maswali ambayo wahakiki hupaswa kuyauliza: vazi limetoka wapi, nani aliulizwa, na aliulizwa lini.

Kwa watafiti, mapokezi ya maleba yachunguzwe kama maandishi ya uhakiki yenye hoja na mivutano yake, wala yasichanganywe kuwa sauti moja ya hadhira. Kwa washauri wa sera katika nchi ambazo shuka la Mmaasai limekuwa nembo ya biashara za mbali, swali la lini ndilo zito zaidi. Mwongozo wowote wa filamu na utamaduni unaotaja ushirikishwaji wa jamii bila kutaja hatua yake utaruhusu kilekile kilichotokea hapa: vazi kushonwa kwanza, kisha mwenye mwili kuitwa aje kuthibitisha kwamba linamkaa.