Ripoti ya Majaribio Inayoaminika: Kupima Programu Kabla Android Mpya Haijafika Kipsongo

Mnunuzi wa mahindi mjini Kitale hatosheki kwa kuona punje zinang'aa. Bodi ya Nafaka hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kipimo ndicho hukata shauri. Ripoti ya majaribio ya programu za simu nayo yastahili kupimwa hivyo. Maneno "tumeijaribu, inafanya kazi" hayana uzito mpaka ujue ilijaribiwa kwenye simu gani, kwa kazi gani, na ikalinganishwa na nini.

Mwongozo huu ni kwa anayepokea ripoti hizo: afisa wa kaunti, msimamizi wa mradi wa afya, kijana wa Bungoma aliyeanza kuunda programu. Mfano wetu ni eCHIS, programu ya afya ya jamii ambayo serikali ya Kenya iliisambaza nchini Septemba 2023, pamoja na simu, kwa wahudumu wa afya wapatao 100,000. Katika mtaa kama Kipsongo wa Kitale, ambako familia nyingi zina asili ya Turkana na kliniki haiko karibu na kila mlango, mhudumu huyo hutangulia kumwona mtoto mwenye homa. Simu yake ikiharibika, mpya atakayopewa inaweza kuja na toleo la Android ambalo programu haijawahi kukutana nalo. Kwa hiyo majaribio ya mapema ni sehemu ya huduma yenyewe.

Tazama tarehe kwanza

Android 16 inatosha kuwa mfano. Toleo la awali la wasanidi lilitoka Novemba 2024, toleo la kwanza la majaribio (beta) Januari 2025, hatua ya utulivu ikafikiwa Machi, na toleo kamili likatoka tarehe 10 Juni 2025. Kabla ya utulivu, Google bado huweza kubadilisha njia ambazo programu hutumia kuomba huduma za simu. Baada ya hapo njia hizo hazibadiliki.

Mjaribu hodari hutumia miezi ya mwanzo kusoma mabadiliko yaliyotangazwa na kukisia yatakapouma. Majaribio kamili huyaweka baada ya utulivu, akibakiwa na miezi michache ya kusahihisha. Ripoti isiyotaja namba kamili ya toleo lililotumika irudishwe, kwa sababu kosa la beta moja huweza kuwa limekwisha kurekebishwa katika ifuatayo.

Tafuta simu ya pili

Hii ndiyo alama kubwa ya kazi nzuri: simu mbili mezani, moja ina Android iliyotulia, nyingine ina beta, na zote zina toleo lilelile la programu. Kosa likionekana kwenye zote mbili, ni la programu tangu zamani. Likionekana kwenye beta peke yake, uchunguzi ndio unaanza. Asiyekuwa na simu ya kulinganisha atalaumu mfumo mpya kwa makosa ya kale.

Beta hufika kwanza kwenye simu za Pixel, ambazo ni nadra mikononi mwa watu wa Kitale. Baadhi ya watengenezaji wengine hushirikishwa. Tecno Spark 3 Pro ilikuwa kwenye orodha ya beta ya Android 10 mwaka 2019. Asiye na simu hizo hutumia emuleta, yaani programu inayoiga simu ndani ya kompyuta, na hilo si aibu ilimradi ripoti iseme wazi. Emuleta huonyesha vyema skrini na ruhusa. Haimwambii mtu jinsi simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo itakavyoua programu iliyo nyuma, wala jinsi kamera yake itakavyochelewa.

Beta isiwekwe kwenye simu ya kazi wala ile yenye M-Pesa ya mtu. Anayetaka kurudi kwenye toleo lililotulia kabla beta haijakamilika hulazimika kufuta kila kitu kilichomo.

Badiliko moja kwa wakati mmoja

Mabadiliko ya Android ni ya aina mbili. Mengine huigusa kila programu siku simu inapopata toleo jipya. Mengine huigusa tu programu ambayo msanidi wake ametangaza kuwa ameilenga Android hiyo. Ripoti isiyotenganisha haya mawili haiwezi kumwambia mkuu wa mradi kama hatari ni ya mwezi ujao au ya siku atakapoamua mwenyewe.

Chukua Android 15. Programu inayoilenga hutandazwa mpaka kingo za skrini, chini ya vitufe vya mfumo. Fomu ambayo haikutayarishwa inaweza kuficha kitufe cha "Hifadhi" mahali ambapo kidole hakifiki. Au chukua Android 13 ya mwaka 2022: programu iliyosakinishwa upya haiwezi kutuma arifa mpaka mtumiaji akubali, ilhali iliyokuwamo kabla ya simu kusasishwa hutendewa kwa namna nyingine. Mjaribu makini hupima njia zote mbili, kusakinisha upya na kusasisha, kwa sababu arifa isiyotokea ni mama mjamzito asiyekumbushwa kliniki.

Tangu Android 11, menyu ya wasanidi ina orodha ya mabadiliko ambayo mtu huweza kuyawasha na kuyazima moja moja. Ukiona ripoti inasema "kosa hutokea badiliko hili likiwashwa, hutoweka likizimwa", umepata fundi.

Kazi ifuatwe mpaka mwisho

Kufungua programu na kubonyeza kurasa tatu si jaribio. Kazi halisi ni kuandikisha kaya bila mtandao, kupiga picha, kuitia simu mfukoni saa nzima, kupokea simu katikati ya fomu, kisha kutuma data jioni bando likipatikana. Tangu Android 7, simu iliyozimwa skrini mfukoni husinzia na kuzuia kazi za nyuma. Kuna amri ya kompyuta inayoilazimisha isinzie papo hapo, na mjaribu anayeitumia hahitaji kusubiri. Safari ya matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Webuye hupima jambo ambalo ofisi yenye Wi-Fi haiwezi kulipima: simu inayohama kutoka mnara hadi mnara data ikiwa njiani.

Lugha nayo ipimwe. Android 14 huruhusu maandishi kukuzwa hadi asilimia 200, na Kiswahili kina maneno marefu. Kitufe kilichotosha neno fupi la Kiingereza hukata katikati "Endelea kuhifadhi".

Mjaribu aandike pia toleo la WebView, kijenzi kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu. Programu ya Android ya mfumo uliotumika kuunda eCHIS imejengwa juu yake, nacho husasishwa peke yake. Machi 2021 sasisho lake bovu lilizifanya programu nyingi duniani zijifunge, ingawa wasanidi wake hawakuwa wamebadilisha chochote.

Ripoti yenyewe

Ripoti bora humwezesha mgeni kurudia kosa bila kuuliza swali. Ina aina ya simu, namba ya toleo la mfumo, toleo la programu, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa, kilichotokea, na kama hutokea kila mara au mara nyingine tu. Inasema pia kosa lipelekwe kwa nani: msanidi, mtengenezaji wa simu, au Google.

Mwisho, kagua picha za skrini. Kaya zote ziwe za kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inailinda rekodi ya mgonjwa wa Kipsongo sawasawa na ya mgonjwa wa Nairobi, na kumbukumbu za makosa husafiri mbali zikiwa zimebeba mengi yaliyokuwamo ndani ya simu. Ripoti yenye jina la mgonjwa halisi imeshindwa, hata kama kila kosa lililotajwa ni la kweli. Ikataliwe, jaribio lirudiwe kwa data ya kubuni, na fundi alipwe kwa kazi anayoweza kuithibitisha mbele ya mtu mwingine.