Kabini ya meli hujengwa nchi kavu

Ukijenga nyumba Oltepesi, Kajiado, kando ya barabara ya Magadi, maswali ya kwanza ni ya maji: yatatoka wapi, yatahifadhiwa vipi, na majitaka yataelekea wapi. Wanaohamia melini kuishi miezi au miaka wamezungukwa na maji, lakini wahandisi wao huanza na maswali hayohayo.

Majibu yao huanza nchi kavu, kwa vipande, na kujenga meli kwa vipande si jambo geni kwetu. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen na kampuni ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915.

Leo kampuni hiyohiyo huunda meli za utalii, na kabini zake hutoka karakanani zikiwa kamili. Kuta ni mabati membamba yaliyobana pamba ya mawe isiyoshika moto. Bafu, nyaya, taa na fanicha hufungwa humohumo. Kisha kabini huingizwa ubavuni mwa meli kabla ubavu haujazibwa, na kusukumwa hadi mahali pake. Mafundi huunga mabomba na nyaya kupitia kishimo cha huduma chenye mlango kwenye ujia, kwa hiyo bomba likivuja baadaye, fundi hulifikia bila kumsumbua aliyelala.

Maji hutengenezwa safarini. Joto la injini huchemsha maji ya bahari ndani ya chombo chenye mgandamizo mdogo, ambamo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na mvuke ukipoa unakuwa maji yasiyo na chumvi. Njia nyingine ni kuyasukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi. Choo nacho hufyonza uchafu kwa hewa na hutumia takribani lita 1 tu kwa kila matumizi. Tangi la choo cha kawaida humwaga lita 6 au zaidi.

Kuishi muda mrefu ndiko kunakopima kazi hiyo ya wahandisi. Meli ya The World, iliyoanza safari mwaka 2002, iliundwa tangu mwanzo kuwa makazi: ina nyumba 165 zinazomilikiwa na wakazi wenyewe. Makazi ya Villa Vie Odyssey yalifuata njia ya bei nafuu, kwa kutumia meli ya mwaka 1993. Ilitarajiwa kuondoka Belfast Mei 2024, lakini matengenezo, yakiwemo ya usukani, yaliichelewesha hadi mwisho wa Septemba. Kitanda na pazia hubadilishwa kwa siku moja. Mitambo ya chini haina haraka hiyo.

Anayejenga Kajiado na achukue funzo moja: pangilia jiko na bafu vipakane, pitisha mabomba yote njia moja, na uiwekee mlango nje. Ni nafuu kuupanga leo kuliko kubomoa ukuta kesho.